Ukishika Usukani wa Kale, Hutaki Kuuachia!

Mwenzangu, acha kwanza unachofanya unisikilize, maana nikikaa kimya nitapasuka! Nimerudi sasa hivi kutoka Pomona, California, kwenye lile soko la magari ya zamani na vipuri vyake, na mikono bado inanisisimka. Nimeshika sukani za kale! Pana, nyembamba, nzito, laini, zilizopauka, zinazong'aa, za mbao, za plastiki ngumu ya enzi zile, nyeupe, nyeusi, za rangi ya krimu, zenye duara la kromu la kupigia honi ambalo ukiinama unajiona uso mzima... na bado!

Wenyewe wanaingia alfajiri, giza bado zito, tochi mkononi, wanamulika meza na maturubai yaliyotandikwa chini. Huyu anakimbilia injini, yule taa, mwingine kabeba mlango begani. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye sukani, wala sikutaka kujua kingine. Hebu fikiria: gari zima unalitazama tu. Bodi unaitazama, rimu unazitazama, rangi unaitazama. Usukani ndio unaoushika safari nzima, kuanzia unapotoka getini hadi unapozima injini! Gari likiwa zuri kupindukia halafu usukani wake hauna ladha, utamu umekwisha pale pale. Na gari chakavu, lina kutu, viti vimechanika, ukipewa usukani mtamu, wallahi hutaki kushuka!

Wa kwanza kunitia wazimu ulikuwa wa Ford ya miaka ya 1930, ule wanaouita banjo. Weee! Badala ya spoki nene za kawaida una mafungu ya nyaya za chuma, zimevutwa sambamba kutoka kitovuni hadi ukingoni kama nyuzi za banjo kweli kweli. Nikaukandamiza kwa viganja viwili, nikausukuma kifuani mwa muuzaji aliyekuwa ameushika upande wa pili. Unabonyea! Kidogo tu, kidogo sana, kisha unarudi wenyewe taratibu. Barabara nyingi za wakati ule zilikuwa vumbi na mawe, na nyaya zile zinameza mtikisiko kabla haujafika kwenye viwiko vyako. Muuzaji akacheka, akaniambia bonyeza tena. Nikabonyeza tena. Na tena! Nikaunusa pia, usinicheke: plastiki ya zamani, vumbi, petroli kwa mbali, harufu ya gereji iliyofungwa miaka mingi halafu mlango ukafunguliwa. Tamu hiyo!

Shika moyo, maana hapo ni mwanzo tu. Upande wa maonyesho ilisimama Ford ya 1932, hotirodi ya kweli kweli, yaani gari la zamani lililovuliwa kila kisichohitajika ili likimbie. Madigadi hakuna, boneti hakuna, injini ya V8 iko nje nje, paa limekatwa likashushwa mpaka madirisha yamebaki vipande. Kali! Na mambo haya yalikulia huko huko kusini mwa California. Vijana walikuwa wakinunua Ford kuukuu kwa hela ndogo, wakizipunguza uzito, wakienda kuzikimbiza kwenye maziwa makavu ya jangwani, Muroc na El Mirage. Chama chao, SCTA, kilianzishwa 1937 na kipo mpaka leo. Sasa angalia mapenzi yalivyo: mtu anabadilisha injini, anabadilisha gia, breki, matairi, kila kitu, halafu anazunguka masoko akitafuta usukani mmoja tu, ule wa Ford ya 1940! Huo ndio wanaougombea, na huo ndio uliokuwa ndani ya gari lile.

Mwenye gari, mzee wa watu, akaniona nimeganda mlangoni. Akafungua, akasema ingia. Nikawa ndani kabla hajamaliza neno!

Jamani. Jamani! Usukani uko karibu kabisa na kifua, mkubwa, mpana, lakini pale pa kushika ni mwembamba mno, vidole vinauzunguka mpaka vinakutana na kiganja. Baridi ya asubuhi imeuingia. Mgumu, laini, umeng'arishwa na mikono ya watu. Mzee akaniambia washa. Injini ikanguruma, na ule mngurumo ukapanda kwenye shina la usukani, ukaingia vidoleni, ukapita mikononi, ukafika mpaka kwenye meno! Nikataka kukata kona gari likiwa limesimama: wapi! Zito! Unatumia mabega, unatumia mgongo, unajikita kwenye kiti, na bado linakataa. Mzee akasema liache litembee kwanza. Matairi yalipoanza tu kuzunguka, lo! Wepesi ulioje! Nikawa naliongoza kwa vidole, taratibu, katikati ya safu za magari, na kila kijiwe nakijua, kila ufa wa lami naujua, tairi la kushoto likikanyaga mchanga nalo linanipasha habari. Gari ninaloendesha kila siku halinipashi habari yoyote, linanibeba tu.

Ule ukubwa wote una sababu yake. Pawa steringi, ile pampu inayokusaidia kukata kona, ilikuja kwenye magari ya kuuzwa mwaka 1951, kwa Chrysler Imperial. Kabla ya hapo pampu ilikuwa wewe mwenyewe, na duara pana ndilo lililokusaidia: kadiri lilivyo pana, ndivyo nguvu ndogo ya mkono inavyozaa nguvu kubwa kule kwenye magurudumu. Basi dereva wa zamani alikuwa anakumbatia usukani. Anaukumbatia! Nami nimeukumbatia, na nakwambia, ni raha isiyo na mfano.

Vituko je? Vimejaa! Kulikuwa na Edsel ya 1958, na katikati ya usukani wake, pale ambapo mkono wako unakwenda kutafuta honi, kuna vitufe vya gia! Kurudi nyuma, huru, mbele, vyote viko pale kitovuni vinakusubiri. Na ukizungusha usukani vitufe havizunguki, vinabaki wima vimekutulia! Nilizungusha kulia, nikazungusha kushoto, macho yamenitoka, vitufe vimetulia tu. Mwenye gari akaniruhusu nivibonyeze injini ikiwa imezimwa, nikabonyeza vyote, nikarudia, mtoto wa mtu nyuma yangu anasubiri zamu yake analalamika. Havikudumu, mwaka uliofuata vilikuwa vimeshaondolewa, na mimi nasema ni hasara kubwa, maana sijawahi kuona kitu cha kishujaa namna ile ndani ya gari. Halafu hatua chache mbele, Thunderbird ya 1961: ukiweka gia ya kuegesha, usukani mzima unausogeza pembeni upate kushuka. Mzima! Unakupisha kwa heshima zake zote, nguo yako ya harusi isikunjike. Huo ndio ustaarabu!

Tukija kwenye mbao sasa, hapo ndipo nilipotaka kulia. Sukani za Nardi, za Torino huko Italia. Enrico Nardi alikuwa mtu wa magari ya mashindano kabla jina lake halijaganda kwenye sukani, na Ferrari nyingi za miaka ya 1950 na 1960 zilikuwa zikitoka kiwandani zikiwa nazo. Fremu ni ya alumini iliyosuguliwa, na juu yake mkangazi, mti wenyewe, mistari yake inaonekana, imepakwa vanishi mpaka mwanga unazama ndani. Ribiti ndogo ndogo zimeshikilia mbao kwenye fremu, na ukipitisha kidole pole pole unazihisi moja baada ya nyingine. Mbao haina ukatili wa chuma. Dakika chache tu inachukua joto la mkono wako na kubaki nalo! Muuzaji alinitajia bei ya mmoja, nikaurudisha mezani kwa mikono miwili, kwa adabu. Lakini nimeushika!

Sasa nikuambie ninachokipenda kuliko vyote: alama za watu. Nilikuta usukani mmoja, sijui hata ni wa gari gani, mweusi wote isipokuwa pale juu upande wa kushoto, ambapo rangi imelika ikabaki kijivu. Ni mkono wa dereva! Huko Marekani dereva anakaa kushoto, kiwiko dirishani, kiganja kinatulia pale pale mwaka baada ya mwaka. Nikaweka changu. Kikaingia sawasawa, kidole gumba na chake! Nikasimama pale nimeshika mkono wa mtu nisiyemjua. Nakuomba, ukiupata wa namna hiyo, usiupake rangi. Usithubutu! Nyufa ni jambo jingine. Zinatokea kwa sababu plastiki ya zamani inasinyaa kwa jua na umri, na chuma kilichomo ndani hakisinyai, basi plastiki inapasuka. Zikiwa kubwa zinabana ngozi ya kidole, na hiyo si raha tena. Kulikuwa na fundi anaonyesha watu: anaupanua ufa kwa msumeno mdogo mpaka uwe na umbo la V, anajaza gundi ya epoksi, anaacha ikauke mpaka iwe jiwe, kisha msasa mkavu, msasa wa maji, msasa tena laini zaidi. Alinipa kipande nipapase nimefumba macho, nitafute palipokuwa na ufa. Sikupaona, wewe! Hakuna!

Wala usiniambie mambo haya ni ya Wamarekani peke yao. Peugeot 404 hukumbuki? Usukani wake mwembamba, gia zake zimekaa hapo hapo kwenye shina la usukani, na gari hilo lilishinda Safari Rally mwaka 1963, na 1966, na 1967, na 1968! Ushindi wa 1966 na 1967 ni wa Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa hapa Tanzania. Hebu waza mikono ile, tope la masika, mashimo, usiku, bila pawa steringi, siku nzima na usiku wake! Kama kwenu kuna 404 ya babu imefunikwa turubai nyuma ya nyumba, nenda leo. Pangusa vumbi, kaa, shika usukani, zungusha kidogo. Mwombe babu akusimulie alivyoipeleka Iringa. Na ukiwa Nairobi kipindi cha maonyesho ya magari ya Africa Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, usikose, nenda mapema, zungumza na wenye magari kwa upole, wasifie kazi yao kwanza, na wengi watakufungulia mlango.

Ukitaka kununua, chukua vipimo vya shina la gari lako kabla hujafungua pochi, kwa sababu kitovu cha usukani wa gari moja si lazima kiingie kwenye shina la jingine. Mengine yote achia viganja vyako. Fumba macho, shika, zungusha hewani. Usipotabasamu, rudisha mezani, chukua unaofuata!

Mimi ninarudi Pomona, hilo halina mjadala, na safari hii tunakwenda wote. Kuna kona nzima sikuimaliza! Kuna zile sukani za mnyororo wanazofunga Wamarekani wenye asili ya Meksiko kwenye magari yao ya kuinama chini, pete za chuma zimechomelewa moja kwa moja zikachovywa kromu, nimezigusa kwa kidole tu nikiwa mbioni. Kuna zilizonyunyiziwa rangi yenye chembe za kumetameta, nyekundu, kijani, dhahabu, jua likizipiga hutazami mara mbili! Kuna vile vifundo vya kufunga pembeni mwa usukani ili ukate kona kwa mkono mmoja, ndani yake wamezamisha waridi, dadu, picha za wachumba... na bado! Nunua tochi, lala mapema, saa kumi na moja alfajiri tuwe getini!