Fundi wa Ukoo ni Aliyeolewa

Kwenye sherehe za kipaimara huko kwetu Uchagani, mkubwa wa ukoo hupewa kipaza sauti ataje mababu. Huwataja mbio: fulani akamzaa fulani, fulani akamzaa fulani, mpaka afike kwa mtoto wa siku hiyo, watu wapige makofi na pombe ya mbege iendelee kugawiwa. Ni ukoo, sikatai, lakini ni mti uliofyekwa matawi. Wake hawamo, mabinti hawamo, aliyehama hayumo, aliyekufa mchanga hayumo.

Ufundi wenyewe wa kusimulia ukoo niliuona kwa bibi yangu mzaa baba, na naamini aliupata kwa sababu hakuzaliwa humo. Aliletwa kwetu Kilema akiwa msichana mdogo. Mtoto wa kiume aliyezaliwa kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, hana haja ya kuuliza huyu ni nani, kawakuta. Mke aliyeletwa hana raha hiyo. Sharti ajue nani anaamkiwa vipi, nani hasemi na nani, mpaka upi ulizua ugomvi, na jina gani halitamkwi mama mkwe akiwepo. Akikosea, anaambiwa kwao hawakumfunza. Basi bibi aliwajua watu wa babu kuliko babu alivyowajua, na babu alikuwa akimuuliza.

Alipenda kusimulia akimenya ndizi. Vidole vimeshakuwa vyeusi kwa utomvu, kisu kinapenya chini ya ganda na kulibandua, ndizi inatumbukia kwenye beseni la maji, na hapo ndipo sentensi inapokwisha. Habari nyepesi ilikwenda na mwendo huo. Habari nzito ilipofika, ndizi moja ingeweza kukaa mkononi muda mrefu, kisu kikikwangua mahali palipokwisha kukwanguliwa. Yeye hakututazama, nasi tulitazama beseni. Mtu husema mengi zaidi asipotazamwa usoni.

Na hakuanza na jina. Alianza na kitu kilichoko mbele ya macho. “Mume wangu,” aliniita hivyo kwa utani kama mabibi wote, “unayaona yale masale pale chini?” Masale, kwa asiyetoka mlimani, ni mmea wa majani marefu unaopandwa mipakani na penye makaburi ya wazee, ukimpelekea mtu jani lake umemwomba msamaha. Yale ya pale chini yalikuwa mpaka wetu na wa babu mdogo. Sasa kwa nini babu mdogo yuko hapo, na wengine hawapo kabisa? Kwa desturi ya zamani mtoto wa kiume wa kwanza hupewa kihamba chake, wa mwisho hubaki na nyumba ya baba, na wa katikati hujitafutia. Hao wa katikati ndio waliotawanyika. Kabla beseni halijajaa, mtoto aliyeulizwa habari ya masale ameshajua kwa nini ana ndugu asiowajua Arusha.

Kuna shida moja inayowashinda wasimuliaji wengi: majina. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu mzaa baba, kwa hiyo kila baada ya kizazi jina lilelile linarudi, na kwa kuwa ndugu wote wanarithisha jina la baba yao, uwanja mmoja unaweza kuwa na watu wanne wa jina moja. Bibi aliwatenganisha kwa mahali na kwa kisa. Kulikuwa na yule wa mfongoni na yule aliyeuza mbuzi wa watu. Wa mfongoni alikuwa mmoja wa waliochimba mfongo, mfereji unaoteremsha maji ya korongo mpaka vihambani, na kutoka kwake tulifika kwa baba yetu akiwa mtoto, amesimama gizani na taa ya chemli kulinda zamu ya maji, anaogopa chui lakini anamwogopa zaidi jirani wa juu anayeziba mfereji kwa vipande vya mgomba. Baba mwenyewe hakuwahi kutusimulia hilo. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba baba aliwahi kuogopa kitu.

Miaka hakuitaja, ila usidhani hakuwa na tarehe. Kaka wa babu “alikuwa anatambaa Waingereza walipoingia Moshi”. Waingereza waliingia Machi 1916, kwa hiyo mtoto alizaliwa mwaka 1915. Baba mkwe wa bibi “alikuwa kijana wa kuchunga” Mangi Meli wa Moshi aliponyongwa na Wajerumani, na hiyo ni Machi 2, 1900. Yeye mwenyewe aliletwa “ushirika ukiwa mchanga”. Ushirika huo wa kahawa, KNCU, ulianzishwa 1933. Hata bati la nyumba lilikuwa na tarehe yake: kahawa ilipopanda bei. Baridi kali iliyochoma mibuni ya Brazil Julai 1975 na kupandisha bei hiyo hakuisikia, lakini aliijua faida yake bati kwa bati. Vyeti vya watu wa ofisini havikosi makosa; hesabu za bibi nimezipekua, na sijaona inayopishana na nyingine.

Petro Itosi Marealle alituandikia kitabu *Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera* mwaka 1947, na kila nyumba ya mlimani ingefaa iwe nacho. Lakini kitabu cha desturi hukueleza inavyotakiwa. Bibi alikueleza nani alikataa, na alilipa nini.

Si kwamba alisema yote. Alikuwa na visa vya mbele ya watoto, vya mbele ya wakwe, na vya mbele ya mtu mmoja tu. Ukidadisi sana: “Hayo utayajua ukioa.” Siku nyingine alikatiza katikati ya nasaba, akaosha kisu, akauliza, “Halafu akaoa wapi?” Asiyejua alirudishwa mpaka kwenye masale kuanza upya. Tulilalamika. Leo binamu zangu na mimi, waliobaki Kilema na walioko Dar es Salaam, tukitajiana ukoo tunapita njia moja, na kila mke anatajwa na kwao.

Ukipanda mlimani Desemba hii, tafuta bibi aliyeolewa katika ukoo wenu, kaa naye jikoni, chukua kisu umsaidie ndizi. Usimuulize ukoo ulianzia wapi. Muulize siku aliyoletwa ni nani alikuwa wa kwanza kumsemesha, na ni nani alikataa kumsemesha.