Geuza Katoni, Tazama Jicho

Juzi dukani Malaba, kando ya foleni ya malori, nilimsikia muuzaji akisifu katoni ya maji: "Tazameni picha inavyong'aa!" Wateja wakaitikia. Niliudhika. Picha iling'aa kweli, lakini kazi ya kufunga ilikuwa mbovu. (Katoni twaiita hivyo kwa mazoea tu, boksi lilishatoweka, zimebaki chupa 24 na nailoni.)

Asiyejua hutazama mbele, penye maandishi. Mjuzi huigeuza ubavuni akatazama jicho. Nailoni ikipita kwenye tanuri husinyaa, ikaacha tundu kila upande, na hapo ndipo siri yote ilipo. Jicho jema ni la mviringo, limekaa katikati, ukingo wake mnene umezikaba chupa za pembeni, na la kushoto ni pacha wa la kulia. Likiwa kubwa mno, nailoni ilikatwa fupi au tanuri lilikuwa baridi. Likienda upande, nailoni iliwekwa kombo. Ukingo ukitoboka, moto ulizidi au mkanda ulikwenda polepole.

Mzee aliyenifunza kazi hii ya kufunga katoni huko Busia alitia vidole jichoni akainua kilo 12 zote. Nailoni ikilegea, katoni ilirudi. "Mwanangu," aliniambia, "boda boda haisomi maandishi." Mpaka huu wa Kenya na Uganda ndio ulioipa boda boda jina lake, na mizigo mingi hapa bado huvuka ikirushwarushwa juu yake.

Tapeli mmoja alikuwa akikata katoni, akitia chupa za maji ya mfereji, kisha akifunga upya kwa kipulizia joto cha mkononi. Nembo zote zilikuwepo. Jicho ndilo lililomuumbua: makunyanzi huku, limekazika kule. Mkono haupashi pande zote sawa kama tanuri.

Wino hupigwa kabla ya joto, hivyo mchoraji stadi huzipanua herufi upande utakaosinyaa. Duara la nembo likigeuka yai, hakupima. Bandika selotepu juu ya maandishi, ivute ghafla. Wino ukitoka nayo, uso wa nailoni haukuandaliwa. Rangi zisizidi tatu. Na zile nailoni za kuvika vifuniko zisilale stoo ya bati yenye joto, zitaanza kusinyaa kabla ya kazi.

Enzi za kreti za mbao kosa lilionekana mbali: msumari umetokeza, ubao umepasuka. Sasa kosa linang'aa. Marufuku ya Kenya ya mifuko ya plastiki ya kubebea, ya Agosti 2017, iliziacha nailoni za viwandani kama hizi, nasi tunailipa hisani hiyo kwa katoni zinazopasuka njiani na matambara ya nailoni yanayoishia Mto Malaba. Jambo hili linaniuma.

Ukinunua Busia au Malaba, igeuze kwanza. Jicho likiwa bovu, mwachie muuzaji katoni yake, na umwambie sababu.