Zaburi Iliyoishia Gizani

Wahenga wetu walisema kwamba baada ya dhiki ni faraja. Msemo huu ni mzuri, na mara nyingi ni wa kweli. Lakini kila aliyefikia umri wangu anayajua pia mambo ambayo dhiki yake haikufuatwa na faraja yoyote iliyoonekana kwa macho. Wapo waliomngoja mtoto mpaka nywele zikawa nyeupe. Wapo waliosomeshwa kwa ng'ombe wa mwisho wa ukoo, wasipate kazi. Wapo waliomwombea mgonjwa wao kwa machozi na kufunga, na mgonjwa akazikwa. Watu hao hukaa kanisani Jumapili katika benchi moja na sisi. Swali langu katika sura hii ni hili: je, Biblia ina neno lolote kwao, zaidi ya kuwaambia wangoje kidogo?

Nathubutu kujibu kwamba inalo, nalo ni Zaburi ya 88. Kwa kuwa nilifundisha fasihi ya Kiswahili miaka mingi kabla ya kuwa mkuu wa chuo cha ualimu, nitaihakiki kwa njia niliyowafundisha walimu wanafunzi: kwanza umbo lake, kisha linalosemwa, kisha lisilosemwa.

Zaburi hii ina aya 18 katika Biblia zetu, na kichwa chake kinawataja wana wa Kora na Hemani Mwezrahi. Ni zaburi ya maombolezo, aina iliyo nyingi kuliko nyingine zote katika kitabu kile. Maombolezo hayo yana desturi yake. Mwombaji hulia, hueleza shida yake, huomba msaada, na mwishoni hugeuka akasifu. Zaburi ya 13 ina aya 6 tu, lakini inatosha kumtoa mtu kutoka katika kujiona amesahauliwa hadi kuimba. Zaburi ya 22, ambayo mwanzo wake Yesu aliutamka msalabani, nayo huanza kwa kuachwa na kuishia kwa sifa. Msikilizaji aliyeizoea desturi hiyo hungoja mgeuko kama sisi tunavyongoja kituo cha ubeti. Katika Zaburi ya 88 mgeuko hauji. Kwa Kiebrania, neno lake la mwisho kabisa ni giza. Zaburi ya 39 inaikaribia kwa huzuni, lakini haifungi mlango kwa namna hii.

Mtu aweza kudhani kwamba mtunzi alishindwa kumaliza, au kwamba kipande cha mwisho kilipotea. Mimi sikubali. Mwombaji anataja kilio chake mara tatu: mwanzoni, katika aya ya 9, na katika aya ya 13. Mara ya kwanza ni mchana na usiku, mara ya pili ni kila siku, mara ya tatu ni asubuhi. Kila kilio kinapoanza upya msomaji hutegemea jibu, na kila mara hali huzidi kuwa nzito. Mtunzi aliyejua kupanga vilio vyake hivyo alijua pia mahali pa kukomea.

Tuangalie sasa linalosemwa. Katika zaburi nyingi za maombolezo yupo adui wa kulaumiwa, au ipo dhambi ya kutubiwa. Hapa hakuna adui aliyetajwa, wala hakuna dhambi iliyoungamwa. Wapo mwombaji na Mungu. Marafiki wamesogea mbali, na hata hilo mwombaji anasema ni Mungu aliyelifanya. Katika aya ya 10 hadi ya 12 anauliza maswali mfululizo juu ya wafu na sifa za Mungu. Si maswali ya kutafuta habari, ni hoja: nikishuka kaburini, nani atakusifu huko? Huu ni ujasiri wa mtoto anayemjua baba yake. Mgeni hawezi kuthubutu kusema hivyo.

Na lisilosemwa? Tumaini limetajwa mara moja tu, katika aya ya 1, pale mwombaji anapomwita Mungu kwa jina la wokovu. Baada ya hapo hakuna neno la faraja hata moja. Hata hivyo, kuanzia aya ya kwanza hadi ya mwisho hageuki kuzungumza na mtu mwingine. Giza limemfunika, lakini uso wake uko palepale. Imani yake haimo katika anachokiona wala anachokihisi. Imo katika kule kuendelea kumwambia Mungu.

Nina sababu yangu ya kuijali zaburi hii. Mwanetu wa pili aliondoka nyumbani mwaka 2003, akiwa na miaka 24, kwenda kutafuta kazi ng'ambo ya mpaka. Zilifika barua mbili, kisha kimya. Tulimwuliza kila aliyerudi kutoka huko. Wafariji walikuja wengi. Mmoja alisema kazi ya Mungu haina makosa. Mwingine alitutaka tujichunguze kama hatukuwa na dhambi iliyofichika. Mhubiri mmoja alitutabiria kwamba kijana angerudi kabla ya Krismasi. Mke wangu akafua shuka, akatandika kitanda chake. Krismasi ikapita.

Miaka iliyofuata macho ya mke wangu yalififia, nikawa namsomea zaburi moja kila usiku, kwa mfuatano. Usiku wa Zaburi ya 88 niliisoma mpaka mwisho, nikanyamaza, maana mwisho ule hauna mahali pa kushika. Akasema, "Soma tena, Baba Neema." Nikasoma. Akakaa kimya kitambo, kisha akasema, "Kumbe huyu naye alikuwa anangoja." Alifariki mwaka 2017 bila kumwona mwanawe, na hadi leo hajaonekana. Usiku ule hakupata jibu, ila alipata mwenzake.

Wapo wanaosema kwamba zaburi hii haimfai Mkristo, kwa sababu ilitungwa kabla ya ufufuo. Hoja yao ina uzito. Kwa Hemani kaburi ni nchi ya kusahauliwa, na maswali yake juu ya wafu yanategemea jibu la hapana. Mkristo anasimama upande wa pili wa Pasaka, na kwake maswali yaleyale yana jibu la ndiyo. Huo ndio upungufu wa zaburi hii ikisomwa peke yake, na siufichi. Lakini Kanisa halikuitupa. Kitabu cha Sala cha Waanglikana cha mwaka 1662 kinaipanga isomwe jioni ya Ijumaa Kuu, na katika sala rasmi za Kanisa Katoliki ni zaburi ya kabla ya kulala siku ya Ijumaa. Waliopanga hivyo walijua maana yake. Jumapili ipo, ila Ijumaa nayo ina usiku wake, na mtu hawezi kuuruka.

Hata Yesu hakuuruka. Katika Luka 24, wanafunzi wawili waendao Emau wanalitaja tumaini lao kwa wakati uliopita, kama mtu anavyomtaja marehemu. Aliyefufuka anatembea kando yao. Angeweza kujitambulisha mara moja, yakaisha. Badala yake anawauliza wanazungumza nini, anawaacha waeleze yote, ndipo anawakemea na kuwafundisha.

Biblia yenyewe katika lugha yetu ilianza katika hali ya namna hiyo. Ludwig Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili mwaka 1844. Mwezi Julai mwaka uleule, huko Mombasa, alifiwa na mkewe Rosine, na mtoto wao mchanga naye akafa. Shauku iliyomleta pwani ilikuwa kuwahubiria Waoromo, na kazi hiyo haikutimia kama alivyoitamani. Aliondoka mwaka 1853, afya yake ikiwa imeharibika. Kilichobaki ni maneno aliyoyakusanya, na wengine wakajenga juu yake.

Hapa nataka kutenga maneno mawili ambayo mara nyingi tunayachanganya, yaani tarajio na tumaini. Tunatarajia jambo, na jambo hilo huwa na tarehe yake. Tunamtumaini mtu. Kiswahili chenyewe kinatufundisha hivyo, kwani husema kumtumaini Mungu, wala hatusemi kumtarajia Mungu kwa maana ileile. Yule mhubiri alitupa tarajio, na tarehe ilipopita likafa. Hemani hana tarajio hata moja katika aya zote 18, na bado anamtumaini Mungu, maana hajaacha kumwita. Paulo naye katika Warumi 8 anafundisha kwamba kilichokwisha kuonekana hakihitaji tena kutumainiwa. Kwa hiyo mtu ambaye haoni chochote hajafukuzwa katika tumaini. Huenda yeye ndiye aliye mahali pake hasa.

Basi, msomaji, nakuomba jambo moja. Ukienda kumwona aliyevunjika moyo, usiharakishe kumpa methali. Kama anapenda kusomewa, msomee Zaburi ya 88 yote, usiongeze mistari mitamu kutoka kwingine ili kuipamba, kisha kaa naye. Chai ikiletwa, unywe. Akitaka kusema, mwache aseme, hata kama anamlalamikia Mungu, kwa sababu aliyemo katika Maandiko Matakatifu alilalamika na maneno yake hayakufutwa. Mimi mwenyewe sina tarehe ninayoingoja tena. Lakini kila asubuhi, wakati uleule anaoutaja Hemani, bado namtaja mwanangu kwa jina mbele za Mungu.