Paka Mkongwe wa Ghala la Maharage

Paka jike aliyelinda ghala letu la maharage katika vilima vya Masisi kwa muda wa miaka 13, mwindaji asiyemwachia panya kuvuka kizingiti, alianza kutapika alfajiri na kuhara mchana, mwili wake ukanyauka hata pingili za mgongo zikahesabika kwa kidole. Na alipowekwa juu ya mzani uleule wa kupimia maharage alikuwa kilo 3.2, naye zamani akipita 4. Majirani walisema ni uzee. Uzee hautapishi mtu wala mnyama. Kinachotapisha kina mahali pake mwilini, na kazi ya tabibu ni kupatafuta.

Daktari wa mifugo aliyekuja, mzee ambaye mikono yake imezoea ng'ombe, hakutangulia kutoa dawa. Alianzia nje ya tumbo, na hapo ndipo niuonapo ustadi wake, kwani paka mkongwe akikonda huku akitapika, aghalabu yenye kosa ni figo, au ni ile tezi ya koo ambayo kuzidi kwa kazi yake katika paka kulielezwa na matabibu wa Marekani mwaka 1979. Akapitisha vidole viwili kandokando ya koromeo, toka taya hata kifuani, akitafuta uvimbe mdogo mfano wa punje ya harage, asiupate. Akazipapasa figo, akaziona laini na sawasawa. Kisha akaamuru maji ya kunywa yapimwe siku 3, nayo hayakufika mililita 100 kwa siku, ilhali paka wa uzito ule mwenye figo mbovu au maradhi ya sukari aweza kunywa mara 3 ya hayo. Utumbo ndio uliojifichua: chini ya vidole ulikuwa mnene kama kamba iliyolowa.

Maziwa yakaondolewa kwanza. Masisi ni nchi ya ng'ombe na jibini, na nyumba ikamuayo haimnyimi paka sehemu yake. Walakini paka aliyekwisha kuacha ziwa la mamaye hupungukiwa na kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa, nayo ikabaki utumboni ikivuta maji. Kuhara kukapungua, kusikome.

Kisha tegu, maana mla panya humeza vifuko vyake vilivyomo katika maini yao. Tembe ya prazikwanteli iliyopatikana ilikuwa ya kichocho cha watu, miligramu 600, na huyu alihitaji 20 tu; mzee akaisaga, akaivuruga katika mililita 30 za maji ya asali, akaitikisa chupa kwa nguvu, akavuta mililita 1 kwa bomba la sindano na kuipenyeza pembeni mwa kinywa. Muuza dawa mmoja alikuwa ametushauri parasetamoli. Namshukuru Mungu tulichelewa kuinunua, kwa kuwa ini la paka haliwezi kuivunja, na tembe moja yatosha kumwua.

Kisha tukakishuku chakula chenyewe. Ng'ambo, paka wa namna hii huagiziwa nyama ya kopo ambayo utumbo wake haujapata kuizoea. Sisi tulichemsha simbilisi, yule dende afugwaye jikoni katika nyumba nyingi za Kivu, bila chumvi wala kitunguu, na kwa siku 14 hakuonja kingine. Kutapika kukashuka hadi mara 2 kwa juma. Hapo tu ndipo ilipotolewa prednisoloni (prednisoni mwili wa paka huigeuza kwa shida), miligramu 5 kwa siku, ikapunguzwa baada ya majuma 3, pamoja na sindano ya vitamini B12 kila juma, ambayo utumbo uliovimba hushindwa kuifyonza.

Kutenganisha uvimbe wa kawaida na saratani ya limfu iendayo polepole kwahitaji kipande cha utumbo chini ya hadubini, na sikuridhia mkongwe huyu asafirishwe kwa njia ya mji wa Sake ili akapasuliwe. Dawa ya msingi ya yote mawili ni hiyo prednisoloni, ila saratani huongezewa klorambusili. Basi tumeukabidhi mzani kazi ya kutuonya, naye hupimwa kila Ijumaa kabla ya magunia. Ijumaa iliyopita alikuwa kilo 3.8.