Pongezi kwa Wahifadhi wa Bastola za Kale za Kijerumani

Wakusanyaji wa bastola za kale za kijeshi za Ujerumani wanastahili heshima ya wanahistoria, kwa kuwa wanatunza ushahidi ambao karatasi hazikuweza kuutunza, hasa baada ya hifadhi ya nyaraka za jeshi huko Potsdam kuteketea kwa mabomu mwaka 1945.

Mfano bora ni bastola iliyobuniwa na Georg Luger, iliyopokewa na jeshi la wanamaji mwaka 1904 na jeshi la nchi kavu mwaka 1908, ndipo ikaitwa P08. Kifungio chake, yaani sehemu inayoziba nyuma ya mtutu, hujikunja kwenda juu mfano wa goti kila risasi inapofyatuliwa, kikatupa ganda tupu na kuingiza risasi mpya.

Mkusanyaji makini husoma chuma chenyewe: mwaka uliogongwa juu ya chemba, yaani tundu linaloshika risasi, herufi zenye taji zilizopigwa na wakaguzi, na tarakimu mbili za mwisho za nambari ya bastola, zilizorudiwa kwenye vipande vidogo, ambazo zisipolingana huashiria kwamba vipuri vimebadilishwa. Mwaka 1920 ukionekana pamoja na mwaka wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, hiyo ni alama ya mali ya serikali baada ya Ujerumani kushindwa.

Sifa kuu ya wakusanyaji hawa ni kujizuia: hawasugui wala kupaka upya, kwa sababu chuma kilichong'arishwa hupoteza alama zake, na alama ikifutika hairudi.