Kujifunza kwa Kutazama, na Kazi za Makundi Darasani

Nadharia ya kujifunza kijamii hutajwa mara nyingi katika maandishi ya ualimu, hasa pale mwalimu anapohimizwa kuwagawanya wanafunzi wake katika makundi. Hoja yenyewe huwa fupi: Albert Bandura alionyesha kuwa mtu hujifunza kwa kumtazama mwenziwe, basi wanafunzi na waketi pamoja, watazamane, na elimu itaenea. Hoja hii yapendeza masikioni, lakini ina ufa, na ufa huo yafaa uonyeshwe, maana wanaoumia kwa ajili yake ni wanafunzi.

Na tulitazame jaribio lililoipatia nadharia hii sifa yake. Mwaka 1961 Bandura, pamoja na Dorothea Ross na Sheila Ross, walichapisha habari za watoto 72 wa shule ya watoto wadogo ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Baadhi ya watoto walimwona mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa wa kupulizwa. Wengine walimwona mtu mzima aliyecheza kwa utulivu. Na wengine hawakuonyeshwa mtu yeyote. Waliomwona mpigaji walipiga kama yeye, hata maneno yake wakayarudia. Haya yajulikana sana. Lisilosemwa sana ni kwamba kila mtoto aliletwa peke yake. Hapakuwapo mwenziwe wa kumcheka, wala wa kumtangulia, wala wa kumkata kauli. Kielelezo kilikuwa kimoja tu mbele ya macho yake.

Kundi la wanafunzi sita halifanani na chumba kile. Humo mna vielelezo sita kabla mwalimu hajafungua mdomo: yupo mwepesi aliyekwisha kushika kalamu, yupo mzaha, yupo anayengoja kunakili, na yupo msichana aliyeambiwa aandike yale wavulana wasemayo. Kila mmoja huwatazama wenzake na kuchukua kwao namna ya kukaa katika kundi. Kwa hiyo asemaye kwamba wanafunzi watajifunza kwa kutazamana asema kweli, ila hajasema watajifunza nini.

Jaribio la pili, ambalo waandishi wetu hulipita mbio, lina manufaa zaidi kwa mwalimu. Katika maandishi yake ya mwaka 1965, Bandura alieleza jinsi watoto 66 walivyoonyeshwa filamu ya yule mpigaji, yenye miisho mitatu: katika wa kwanza alipewa zawadi, katika wa pili aliadhibiwa, na katika wa tatu hakupata jema wala baya. Waliomwona akiadhibiwa walimwiga kidogo kuliko wengine. Lakini watoto wote walipoahidiwa zawadi kwa kila tendo watakaloweza kulionyesha, tofauti hiyo ilitoweka. Kumbe walikuwa wamejifunza sawasawa na wenzao. Walichokosa ni sababu ya kuonyesha. Kujua jambo ni kitu kimoja, na kulitenda mbele za watu ni kitu kingine.

Hapa ndipo mazoea ya madarasa mengi yanapokwenda kinyume cha nadharia yanayodai kuifuata. Mwalimu hupita baina ya makundi, akampa alama asemaye, na aliyekaa kimya akamhesabu kuwa hakuelewa. Huenda yule kimya ndiye aliyetazama kwa makini kuliko wote. Tena adhabu iliyompata mmoja huwafundisha wote. Katika shule za sekondari za Tanzania, ambamo masomo karibu yote hufundishwa kwa Kiingereza, mwanafunzi mmoja akikosea kitenzi na kuchekwa, wale watano waliobaki hawajifunzi kitenzi, wajifunza kunyamaza. Mwalimu aliyecheka pamoja nao amekwisha kulivunja kundi, hata kama viti vyabaki vimepangwa kwa duara.

Je, kielelezo kifaacho ni nani? Dale Schunk na Antoinette Hanson walichapisha mwaka 1985 uchunguzi wao juu ya watoto walioshindwa hesabu za kutoa. Waliomtazama mtoto mwenzao akijifunza hesabu hizo walipata imani na maendeleo makubwa kuliko waliomtazama mwalimu. Jambo hili latia shaka desturi ya kumweka mwanafunzi hodari kuwa kiongozi wa kundi mwaka mzima. Aliye dhaifu hajioni ndani yake.

Dawa moja ilijaribiwa na Elliot Aronson mjini Austin, Texas, mwaka 1971, shule za huko zilipokuwa zikichanganya watoto wa rangi mbalimbali. Somo liligawanywa vipande, kila mtoto akapewa kipande chake ajifunze na kuwafundisha wenzake, wala hapakuwa na njia nyingine ya kukipata. Mpango huo haukutoka kwa Bandura, lakini watimiza asilotimiza mgawanyo wa viti peke yake: kila mmoja huwa kielelezo kwa zamu, na kumcheka mwenzako ni kujinyima kipande chako cha somo.

Nchini Tanzania kuna mfano mkubwa zaidi, nao ni kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Kwa majuma 12 watu wapatao milioni 2 walikutana katika makundi, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha mazingira. Bandura ataka mambo manne: kuangalia kwa makini, kukumbuka, uwezo wa kutenda, na sababu ya kutenda. Kampeni ile ilikuwa nayo yote, na la nne ndilo lililokuwa na nguvu, kwa kuwa choo cha jirani huonekana na kila apitaye njiani. Viongozi wa makundi, kama 75,000, walikuwa wamefunzwa kabla ya kuanza.

Kiongozi wa kundi darasani hafunzwi na mtu. Hutajwa jina lake mwanzoni mwa kipindi cha dakika 40, ambacho sehemu yake imekwisha kuliwa na kusogeza madawati, na kengele hulia kabla kundi la mwisho halijasoma majibu yake.