Kipa wa Miaka Kumi: Namna ya Kumpima Akiwa Bado Mbichi

Katika viwanja vya shule za msingi vya Kwapa, gombolola ya wilaya ya Tororo nchini Uganda iliyo pembezoni mwa mpaka wa Kenya, kipa husifiwa kwa kuruka. Akijinyoosha hewani na kuutoa mpira kwa ncha za vidole, watazamaji huvamia uwanja, na kabla jua halijazama timu za ng'ambo, za Malaba au Amagoro, zimeshamtumia mtu: aje awadakie kwenye kombe lijalo ambalo mshindi huondoka na fahali. Kwa kombe la wikendi moja kipimo hicho kinatosha. Kwa mwalimu wa michezo, mfadhili wa klabu au msaka vipaji anayetaka kipa wa kudumu naye miaka kumi, hakifai. Kuruka ndiko kunakomtoka kipa mapema kuliko vyote.

Hakuna nafasi uwanjani inayochelewa kuiva kama hii, wala inayodumu kama hii. Tarehe 21 Januari 2017, mjini Port-Gentil nchini Gabon, Uganda ilicheza na Misri katika Kombe la Mataifa ya Afrika, fainali zake za kwanza tangu 1978. Lango la Misri lilikuwa na Essam El Hadary, mwenye umri wa miaka 44. Lango la Uganda lilikuwa na Denis Onyango, mwenye miaka 31, ambaye mwezi huohuo alikuwa ametawazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza barani. Misri ilishinda 1-0 kwa bao la dakika za mwisho. Mwaka uliofuata El Hadary alidaka kwenye Kombe la Dunia akiwa na miaka 45 na siku 161, na akapangua penalti ya Saudi Arabia. Winga wa miaka 31 huwa tayari anatafutiwa mrithi. Onyango katika umri huo ndipo alipofika kileleni.

Njia ya Onyango inafaa kusomwa polepole na yeyote anayenunua makipa. Alizaliwa 1985, akadakia SC Villa ya Kampala, akaenda Saint George ya Addis Ababa, kisha 2006 akahamia SuperSport United ya Afrika Kusini. Alipojiunga na Mamelodi Sundowns 2011 hakupewa lango moja kwa moja. Alikaa benchi, akatolewa kwa mkopo Bidvest Wits, akarudi. Mwaka 2016 Sundowns waliifunga Zamalek katika fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, naye akiwa langoni. Aliyemtazama akiwa na miaka 26 angeona kipa wa akiba tu, mwenye mwili mzuri na jina la kawaida. Ile miaka ya benchi, ambayo kwenye karatasi inaonekana kama hasara, ndiyo iliyomkomaza.

Wamarekani wamehangaika na fumbo hilihili katika mpira wao wa Kimarekani. Wana ligi za kubuni ambazo mtu huchagua wachezaji halisi wa NFL akakaa nao mwaka hadi mwaka, tofauti na zile za Ligi Kuu ya Uingereza zinazochezwa kwenye simu Nairobi na Kampala, ambazo kila Agosti huanza upya. Mali ya thamani katika ligi hizo ni kwotabeki, mrushaji anayeongoza mashambulizi, kwa kuwa hudumu kuliko wakimbiaji. Na wanunuzi huteleza palepale wanapoteleza watu wa Kwapa: huona mkono wenye nguvu na miguu yenye kasi, wakasahau macho. Mwaka 2021 San Francisco 49ers walitoa nafasi tatu za raundi ya kwanza ya kuchagua wachezaji wapya ili wampate Trey Lance, kijana mwenye kila kitu mwilini. Miaka miwili baadaye walimuuza Dallas kwa nafasi moja ya raundi ya nne. Mahali pake palishachukuliwa na Brock Purdy, aliyechaguliwa wa 262, wa mwisho kabisa, mwaka 2022. Tom Brady naye alichaguliwa wa 199 mwaka 2000, akacheza hadi miaka 45. Hao wawili hawakuwa na mwili wa kumshangaza mtu. Walijua mpira uende wapi kabla haujawatoka mkononi.

Basi siku ya kwanza ya kumpima kipa, mtazamaji na aache kuufuata mpira. Amtazame kipa mpira ukiwa kwenye boksi la wapinzani. Je, amesogea mbele hadi karibu na mstari wa boksi lake, tayari kuwahi mpira mrefu nyuma ya mabeki, au ameegemea nguzo akipiga soga na watoto waliokaa nyuma ya goli? Mpira ukihamia upande wa kulia, je, naye anahama hatua mbili tatu, au anasubiri hatari ifike ndipo akimbie? Kipa mzuri huonekana kama hana kazi. Mipira humjia mikononi, na asiyejua humwita mwenye bahati.

Kisha miguu, na hapa ndipo jicho la mjuzi huachana na la mshabiki. Wakati mshambuliaji anapoinua mguu kupiga, miguu ya kipa inatakiwa iwe imetulia chini, magoti yamekunjwa kidogo, uzito uko mbele, mikono iko wazi. Akikutwa bado anatembea, hata kama ni hatua moja, atachelewa. Goli lina upana wa mita 7.32, na kosa la nusu hatua ni kubwa. Mara nyingi ule mruko unaoshangiliwa huwa ni deni la hatua ambazo hakuzipiga mapema. Mnunuzi wa ng'ombe wa plau hukagua kwato kabla ya kusifu pembe, na anayenunua kipa hana sababu ya kufanya vingine.

Mikono hupimwa kwa swali moja: mpira unaenda wapi baada ya kumgusa? Kipa wa kudumu hudaka unaodakika, na usiodakika huupangua kwenda pembeni au juu ya mwamba. Anayeutema katikati ya boksi atafungwa na mpira wa pili mwaka huu na mwaka ujao, hata akiokoa ule wa kwanza kwa mbwembwe. Viwanja vya mpakani ni darasa zuri la jambo hili. Januari na Februari vumbi huwa jingi na ardhi imekauka, mpira hudunda ovyo. Mvua za Aprili zikija mpira huteleza kama umepakwa mafuta. Kipa aliyefundishika huweka goti au kifua nyuma ya mikono kila mara, hata kwa mpira dhaifu. Asiyefundishika hunyoosha mikono mitupu akitegemea ardhi imtendee haki.

Krosi zinataka uvumilivu wa mtazamaji, maana katika mechi moja zinaweza kuwa nne tu. La kupima ni uamuzi, na kimo kije baadaye. Akitoka, atoke na afike; akibaki, abaki. Yule wa katikati, anayetoka hatua mbili kisha akajuta, ndiye anayewatia mabeki wazimu. Kuhusu kimo, vijijini kuna imani kwamba kipa ni lazima awe mrefu, na wachezaji wengi wenye vichwa vizuri wamepelekwa kucheza winga kwa sababu hiyo. Djigui Diarra wa Mali, aliyetua Yanga 2021 akitokea Stade Malien, si mlingoti. Amekuwa nguzo ya timu iliyobeba mataji ya ligi ya Tanzania Bara mfululizo na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023, na sifa yake kuu ni miguu na utulivu: hupokea pasi akiwa amezingirwa, akapiga mpira mrefu unaomkuta winga mahali alipo. Tangu 1992, kipa alipokatazwa kudaka pasi ya mguu wa mwenzake, ujuzi huo umezidi kupanda bei. Ila anayepima miguu ya kipa katika kiwanja chenye mashimo na mteremko awe na huruma. Pasi inayodunda kwenye kichuguu haimsemi mpigaji. Kinachomsema ni kama alitazama alipotaka kuupeleka mpira kabla haujamfikia.

Penalti? Zipewe uzito mdogo kuliko vyote, japo ndizo zinazosimuliwa zaidi. Katika Kombe la Mataifa ya Afrika 2019 nchini Misri, Sadio Mané wa Senegal alikosa penalti mbele ya Patrick Matasi wa Kenya tarehe 1 Julai, na siku nne baadaye akakosa nyingine mbele ya Onyango wa Uganda. Pande zote mbili za mpaka zilikuwa na jambo la kujivunia. Lakini Senegal ilishinda mechi zote mbili, 3-0 na 1-0, na Mané alifunga katika zote. Dhidi ya Kenya alirudi akafunga penalti ya pili. Kipa anayenunuliwa kwa sababu ya matuta ya fainali moja ya kombe la fahali amenunuliwa kwa mikwaju mitano.

Lakini matuta yana jambo moja la kufundisha, nalo ni uso wa kipa. Juma Kaseja wa Kigoma alikuwa hajafika hata miaka 20 aliposimama langoni mwa Simba mwaka 2003, siku walipowatoa Zamalek, mabingwa watetezi wa Afrika, kwa penalti mjini Cairo. Mwaka 2019 aliitwa tena Taifa Stars, akasimama langoni Tanzania ilipoitoa Kenya kwa penalti pale Kasarani, na baada ya hapo Burundi. Miaka kumi na sita kati ya matukio hayo, na katikati yake lawama za kutosha kumzika mtu. Hilo ndilo la kulitafuta kwa kijana wa miaka 16: baada ya kufungwa bao la aibu, dakika tano zinazofuata anazifanyaje? Akiwagombeza mabeki, ni alama mbaya. Akijificha mstarini, mbaya zaidi. Akiitokea krosi inayofuata kama vile hakuna kilichotokea, aandikwe jina. Kwa hiyo mechi bora ya kumpima ni ile ambayo timu yake inafungwa, na wasaka vipaji wengi huondoka mapema siku kama hiyo.

Lipo pia suala la umri, ambalo watu hulizungumza kwa sauti ya chini. Thamani ya miaka kumi haihesabiki kama mwanzo wake ni wa uongo. Tangu 2009, FIFA hutumia picha za mashine za mifupa ya kifundo cha mkono kwa michuano ya vijana chini ya miaka 17, na wapo waliokwama hapo. Mnunuzi wa kijijini hana mashine hiyo. Anacho kitabu cha kliniki, cheti cha ubatizo, na wanafunzi waliosoma naye darasa la kwanza. Mvulana anayewazidi wenzake kwa kichwa kizima akiwa na miaka 14 huenda amewahi tu kukua. Akifika 18 wamemfikia, na kama alikuwa akidaka kwa urefu peke yake, hana kitu kilichobaki. Yule mfupi aliyelazimika kujifunza kusoma mchezo hubaki na elimu yake.

Kumtambua ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kumpeleka mahali atakapodaka. Kipa wa pili katika shule kubwa anaweza kumaliza miaka minne bila kucheza mechi ya maana. Benchi la Sundowns lilimfaa Onyango kwa sababu alilifikia akiwa na mechi nyingi mgongoni. Kijana wa miaka 17 anahitaji dakika, hata kama ni katika shule ndogo isiyopita ngazi ya wilaya. Anayedaka huonekana siku hizi: michezo ya shule za Afrika Mashariki ilifanyika mashariki mwa Uganda, Mbale na Bukedea, mwaka 2024, kisha Kakamega mwaka 2025, yote ikiwa safari ya saa chache tu kutoka Tororo. Na hatua ya baadaye si lazima iwe Ulaya. Saint George ya Addis Ababa imekuwa mteja mzuri wa makipa wa kanda hii: baada ya Onyango walipita Robert Odongkara na Charles Lukwago wa Uganda, na Matasi wa Kenya.

Kwa kijana wa Kwapa lipo na la ziada. Mpaka uliochorwa upya 1902 uliwaacha watu wa kabila la Iteso pande zote mbili, na si ajabu kukuta kipa ambaye mama yake ni wa Tororo, baba wa Teso ya Kaskazini nchini Kenya, na shule ameigawa kati ya nchi mbili. Timu za taifa za vijana humwita mapema yule mwenye hati zilizo sawa, na familia hukimbilia jezi ya kwanza inayotolewa. Tangu Septemba 2020 kanuni za FIFA zimelegea: aliyekuwa tayari na uraia wa pande zote mbili alipocheza mechi yake ya kwanza ya mashindano anaweza kubadili taifa hata baada ya kuchezea timu ya wakubwa, mradi mechi hizo, pamoja na za kirafiki, zisizidi tatu, za mashindano ziwe zilichezwa kabla hajafikisha miaka 21, ipite miaka mitatu tangu ya mwisho, na isiwemo ya fainali za Kombe la Dunia au za bara. Kwa kipa, anayekomaa akikaribia 30, hiyo ni nafasi ya kupumua. Mlezi anayelijua hilo hamkimbizi kijana kwenye jezi ya kwanza akiwa na miaka 15. Anahakikisha tu kwamba vyeti vya pande zote mbili vinasoma jina moja na tarehe moja ya kuzaliwa.